Seti ya Mwaka Niliozaliwa

Kila Novemba baba aliagiza seti moja:
sarafu tano, kila moja kioo,
hazijaguswa na kidole cha mtu.
"Bei itapanda," alimwambia mama,
akazificha chini ya soksi.

Scranton, leo. Bwana Wasko na lenzi yake:
hii dola sita, hii nne,
hii haifiki hata alicholipa marehemu.
Anashika ya mwaka niliozaliwa. Anaguna.
Tundu moja tupu.

Ndani ya kifuniko, mwandiko wa baba:
*Senti kumi haina herufi ya kiwanda. Adimu! Isiuzwe.*
Chini yake, kwa penseli, siku nyingine:
*Wanda kainunulia aiskrimu. Julai, joto kali.*

"Maelfu," ananong'ona Wasko. "Ingekuwa maelfu."

Nakifunga kisanduku.
Hizo nyingine, chukua kwa bei yako.