Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa Larisa, wodi ya mifupa, ghorofa ya nne,
siku ya tatu mgeni hupewa homa.

Thrasivulos aliingia na nyonga iliyovunjika, basi.
Alianguka ngazini akipogoa mlozi,
akailaani ngazi, akaulaani mlozi
na marehemu babaye aliyeupanda.
Mkewe, Polixeni, huja kila adhuhuri na supu ya ndimu.
Humlisha vijiko sita; cha saba hukataliwa.
Iliyobaki huimwaga sinkini,
husuuza bakuli, hufuta ukingo kwa leso yake.
Mwanamke nadhifu.

Mimi ni wa chini, maabara.
Naotesha kilichotoka damuni mwa watu,
napanga juu yake vikaratasi mfano wa vifungo,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Asubuhi natafuta pete: kiwanja kitupu kuzunguka kikaratasi,
mahali ambapo kitu kiliogopa.

Jumatano sikuona pete hata moja.
Uoto wa kijivu, unaovutika kama kamasi,
ulikuwa umefika ukingoni mwa kila kikaratasi,
umepanda hata juu ya kile cha mwisho,
cha dawa tunayoifungia kabatini kwa ufunguo.
Fomu yake niliijaza R, R, R, kutoka juu hadi chini.
Kalamu haikupata mahali pa kupinda.

Nikapanda na vijiti vyangu vya pamba,
nikachokonoa tundu la sinki.
Mle ndani, kwenye kiwiko cha bomba,
kuna ujirani uliotushinda sisi:
ajuaye kuivunja dawa
humfunza hata asiye wa ukoo wake,
bure, bila shahidi,
kama mtu apitishavyo kaa la moto
juu ya ua kwa jirani.
Na kila adhuhuri
supu huwashukia.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"
Polixeni, bakuli mkononi, bomba wazi,
matone yakiruka hadi kwenye shuka.

Jibu nilikuwa nalo. Refu, nusu yake Kilatini.
Nikasema: Mama, leo bakuli nikuoshee mimi.
Akacheka. Akanigeuzia bega,
akaendelea kusugua.

Fundi wa mabomba kaahidi Jumatatu.
Leo Alhamisi.
Thrasivulos: thelathini na tisa nukta nne,
na anauliza kama mlozi umechanua.