Jumapili ya Mshumaa Uliopinda

Huku kusini kabisa, ramani inakoishiwa ardhi,
Majilio huja mchana.
Saa tatu usiku jua bado limeegemea uzio
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na haoni mlango.
Tunaimba habari za giza, mikono ya mashati tumeikunja.
Tunaomba nuru ishuke, na nuru imejaa hadi chini ya mabenchi,
inafichua vumbi nililodhani nimelifagia.

Kasisi Marama ana makanisa manne na gari moja.
Kwetu hufika saa tano, buti zina tope la kanisa lililotangulia,
stola ya zambarau imekunjwa mfukoni kama leso.
Hutuhesabu kwa jicho: kumi na mmoja.
Kumi na wawili ukimtia Alwyn,
akaaye nyuma, karibu na kamba ya kengele,
ambaye tangu tulipomzika Merle, wiki moja baada ya Pasaka,
hajafungua kinywa humu ila kupokea mkate.

Kazi yangu ni taji la mishumaa. Mwaka wa kumi na tisa huu.
Matawi nayakata kwenye uzio wa Hesketh,
simwombi, naye haniulizi;
huo ndio ujirani wetu.
Mitatu zambarau, mmoja waridi, mweupe katikati.
Ule wa waridi ni wa Jumapili ya tatu,
siku Kanisa linapolegeza mkanda kidogo
na kusema: furahini,
hata kama bado.

Basi Jumamosi nikaununua mjini,
nikauweka mbele, chini ya kioo cha gari,
nikaingia dukani kutafuta dawa ya kondoo,
nikakutana na Ngaio, na Ngaio ana dada, na dada ana mashauri.
Niliporudi, furaha ilikuwa imelala kifudifudi,
imepinda kama kidole cha mtu anayekuita.

Nilijaribu maji ya moto. Nilijaribu maji ya baridi.
Nilijaribu maneno ambayo sitayarudia hapa.
Asubuhi nikauchomeka vivyo hivyo,
nikausetiri kwa majani,
ukatoa shingo.

Tamati, miaka saba, ndiye wa kuwasha.
Akausogelea. Akainamisha kichwa upande,
kama mshumaa wenyewe.
"Huu unamchungulia nani?"
Kasisi akafungua kitabu, akakifunga.
Kiberiti kikalia.
Na hapo nikaona, naapa, jambo la miaka yote hiyo:
nta imekwenda kombo,
lakini mwali umesimama wima,
wima kabisa, haujui habari za shina lake.

Nyuma, kwenye kamba ya kengele, mtu akacheka.
Kicheko chenye kutu, kama lango la zizi
baada ya majira ya baridi.
"Merle," akasema Alwyn, "angeuficha huo nyuma ya maua."
Kisha akalia, au alipenga kamasi;
kanisani kwetu hatuchunguzi.
Kasisi akangoja.
Sote tukangoja, na kwa mara ya kwanza mwezi huu
kungoja hakukuwa wimbo.

Nimesikia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.
Ni kweli. Nami nina la kwangu ninalolingojea, silitaji.
Ila nilidhani giza ni jambo la anga,
na anga letu Desemba halina giza la kutosha,
kumbe kulikuwa na nyumba maili mbili kutoka hapa
pazia limeshushwa tangu Aprili,
na sisi tukipita mbele yake kila Jumapili
tukienda kuuombea ulimwengu.

Nje, kandokando ya barabara, lupini zimechanua,
zambarau na waridi, magugu
yaliyovaa sawasawa bila kuambiwa na askofu.
Alwyn alikunywa vikombe viwili vya chai.
Hakusema tena. Alikunja viti.

Mimi nilibaki nikikwangua nta kwenye kitambaa,
ilikuwa imedondokea pembeni, mbali na ilipotarajiwa.
Jumapili ijayo ni wa nne.
Nitaupakata.