Fundo la Mkono wa Kushoto

Dundee, Januari. Saa tisa alasiri jua limeshafunga duka.
Chini ya makumbusho, mlango wa tatu baada ya mtambo wa joto,
Bi Pettigrew ananikabidhi funguo, glavu,
na mkataba wa miezi sita:
nivute droo, nisome lebo, niingize kwenye kompyuta.

Ya kwanza naivuta, na pua inatangulia kujua:
karafuu maiti.
Nasimama kidogo, kama anayengoja waombolezaji wengine.
Kisha naona ni ndege tu,
wamelazwa chali, pamba machoni,
miguu imefungwa pamoja kwa ustaarabu.

Bwana Hector Abercairn, 1926, Usambara:
miezi minne, mahema matatu, wapagazi arobaini na mmoja,
bafu la turubai, homa mara mbili.
Daftari lake lina mwandiko wa mtu asiyekosea.
Kila mlima aliupima. Kila mvua aliikinga kwenye chupa
akaandika imefika wapi.
Kinyonga, anasema, wapagazi walikataa kumgusa.
Akamshika mwenyewe. Yumo humu, rafu ya chini,
ndani ya spiriti, ameishiwa rangi zote
akabaki na ile ya ukungu wa Mto Tay.
Hata mfu, kazi yake hajaiacha.

Nafika kwa chozi.
Droo nzima ya chozi, kifua chekundu, mgongo wa kijani
unaowaka bado ukiusogezea taa.
"Hawa kwenu mnawaitaje?" Bi Pettigrew anauliza.
Namwambia. Namwambia na ile maana nyingine.
Ananyamaza, anakwenda kuchemsha chai.
Naandika: chozi, kumi na tisa.

Lebo zimefungwa kwa uzi wa juti,
juti ya viwanda vya mji huu huu,
uliovuka bahari mikono mitupu
ukarudi umeshika miguu.
Mafundo ya Abercairn nimeshayazoea:
kulia juu ya kushoto, mara mbili,
yamebanwa, ncha zimekatwa sawa.
Ila namba 88. Na 91.
Na vyura wote, ndani ya mitungi yao.
Hapo uzi umezunguka kinyume,
umeachiwa kitanzi kidogo,
kama mtu afungavyo mzigo anaojua ataufungua.
Mama yangu alifunga kuni hivyo. Naye alikuwa mashoto.

Narudi daftarini. Ukurasa wa matumizi,
kati ya chumvi na baruti:
Mtoto wa vyura. Senti mbili kwa chura.
Basi.
Vyura mia mbili na sita.
Usiku, miguu mtoni, kijinga cha moto mkononi,
mkono gani sasa nakijua.
Nani alimwambia kwamba baridi ile
inaitwa sayansi?

Kompyuta ina kisanduku kimoja: Mkusanyaji.
Kimeshajazwa, hakifutiki.
Jina lake silijui, na sitamtungia.
Lakini chini kabisa, mahali ambapo hakuna asomaye,
pana Maelezo Mengine,
nafasi ya herufi thelathini.
Naandika: fundo la mkono wa kushoto.
Kwa namba 88. Kwa 91.
Kisha chura wa kwanza.

Wamebaki mia mbili na watano.
Chai imeshapoa.