Maji ya Moto, Rustaq

Mvua ya juzi imelijaza bonde.
Muhanna kaujaza upepo mtumbwi wa mpira
kwa pampu ya baiskeli, akihema,
nasi watatu tukajipakia, goti kwa goti.
Kasia letu ni kuti la mtende
na sinia lililotoboka.

Mitende imesimama majini hadi kiunoni
kama wageni waliokosa viti.
Mbuzi juu ya ukuta akatutazama,
akaendelea kutafuna karatasi.

Maji baridi, rangi ya chai ya maziwa.
Mara Bi Thuwaiba akanyamaza,
yeye asiyenyamaza hata msibani,
akakandamiza wayo kwenye sakafu ya mpira:
"Hapa. Hapa chini pana joto."

Kweli. Joto limepenya
kama kiganja cha mtu chini ya shuka.
Mvuke mwembamba, harufu ya yai viza,
na chemchemi ile tuliyozoea kuiendea kwa miguu,
taulo begani,
leo imezama chini yetu,
inachemka vilevile, haina habari ya mafuriko.

Bi Thuwaiba, miaka hamsini tangu aihame Wete,
magoti yote mawili ya chuma,
akatia mkono hadi kiwikoni.
Tukangoja dua, au machozi.
"Yangekuwa na chumvi," alisema,
"ningetia muhogo."

Tukarudi tukishindana na mkondo,
ubavu mmoja wa mtumbwi ukiishiwa pumzi,
Muhanna akipiga sinia kushoto, kushoto tu.
Yeye mkono hakuutoa
mpaka maji yalipopoa kabisa.