Beseni la Ermete

Valenza, mtaa ulio nyuma ya kanisa,
tulikuwa masonara kumi na wanne chini ya bwana mmoja,
Gualtiero, aliyepima hata jasho letu.
Jioni tulinawa mikono kwenye pipa lile lile,
na maji yale hayakumwagwa, yalichujwa.
Aproni zilifuliwa humo humo. Taulo zilichomwa,
majivu yakawekwa kwenye mizani ndogo, ya kupimia dawa.
Kila tulichokigusa kilikuwa chake,
ila nywele.

Ermete ndiye aliyeligundua hilo.
Asubuhi alijipaka mafuta mazito ya kopo la buluu,
akazichana kwa nyuma kama mwimbaji wa redioni,
na kutwa nzima, huku akipiga tupa,
alijikuna kichwa.
Basi.
Alijikuna kama mtu anayewaza deni.

Mimi nilikaa benchi la pili. Nilimwona mwezi wa Machi.
Aprili nami nilikuwa na kopo langu.

Hatukuwahi kulizungumza, nataka ujue.
Hatukuapa, hatukuchanjiana chale.
Jumamosi usiku, nyumbani kwake, mkewe Delfina
alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni la bati,
akatuosha mmoja baada ya mwingine kama watoto wa shule.
Akasubiri mpaka povu litulie.
Halafu tuliinama wote watatu, vichwa vikichuruzika,
tukaangalia chini.
Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema waliosema.
Yetu ilijulikana na beseni,
na beseni halina mdomo.

Punje kwa punje, miaka tisa.
Delfina alinunua cherehani. Mimi nilimlipia mama meno.
Usidhani tulitajirika:
dhahabu ya kichwani kwa mwaka haijazi kijiko cha chai,
na nusu ya kijiko ilikwenda kwa mnunuzi wa Alessandria
aliyetutoza kwa kutouliza.

Kisha bwana akang'oa sakafu.
Mara moja kila miaka kumi mbao huingia tanuruni,
na majivu hurudisha kila kilichodondoka.
Safari hii alizichoma benchi kwa benchi,
kila fungu na jina lake kwa chaki.
Mbao za Tullio zilitoa haki yake.
Zetu mbili zilitoa kidogo mno,
utadhani tulikuwa mafundi wasafi kuliko malaika.

Alimwita Ermete kwanza. Saa mbili nzima.
Nilimtazama kupitia kioo: mikono mapajani,
mabega hayatikisiki, nywele zinang'aa.
Alitoka, akavaa koti lake, hakunitupia jicho.
Na kutonitazama kule ndiko kulikonena:
sijakutaja.

Kisha mimi.
Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa polisi,
kwa msalaba uliowekwa mezani niuapie.
Bwana alikuwa akimenya chungwa.
"Mama yako anaendeleaje?" akaniuliza.
Akanipa kipande.
Nilikiweka mdomoni, na kabla sijameza
nikausikia mdomo ule ule ukitaja Ermete,
ukitaja Jumamosi, na kopo, na beseni,
na Delfina, ambaye hakuwahi kukanyaga karakana.

Hakuwa ameniuliza jina la mtu.
Aliendelea kumenya, ganda refu, halikatiki.
Jina langu sikulitaja, wala hakulitaka.
Nilibaki pale miaka ishirini na miwili.

Siku hizi Ermete huendesha gari la mikate.
Jumapili tukikutana huvua kofia, adabu ile ile,
na kichwa chake ni kipara, amekinyoa,
kitupu kama yai.
"Habari za asubuhi, Leonilde."
Hajawahi kuongeza neno.

Nami nikirudi nyumbani naosha nywele zangu, zenye mvi sasa,
na maji siyamwagi upesi.
Nasubiri povu litulie.