Fundi wa Kazi Moja

Jana jioni nilikupanda ndani ya bakteria,
lita nne, kwenye chupa zenye makalio mapana,
zikatikiswa kwa nyuzi thelathini na saba
hadi mchuzi ukashika ukungu.
Kisha nikashusha joto, nikatia ile sukari bandia
inayowahadaa wadudu wa utumbo
wafungue kitabu kisicho chao
na kusoma, usiku kucha, ukurasa wa binadamu.

Asubuhi chumba kinanuka chachu na soksi mbichi.
Nje, mto Emajõgi bado umefumba mdomo kwa barafu.
Tartu, mwezi wa Machi. Ghorofa ya juu
Õnne anapiga chafya na kuzilaani fomu za bajeti.

Wewe huna habari.
Nimewapasua wadudu kwa mlio usiosikika,
nimekumimina juu ya nguzo ya nikeli,
na ule mkia wa histidini sita tuliokushonea
ukang'ang'ania, kama mtoto na sketi ya mamake
siku ya kwanza ya chekechea.
Wengine wote nikawaosha, wakaenda na maji.
Wewe nikakubembeleza kwa imidazoli, ukaachia.

Kwenye jeli: mstari mmoja wa buluu, mnene kama wanja.

Vimeng'enya wenzako hufanya kazi, hupangusa jasho,
huhamia kwa mteja mwingine. Wewe, la.
Unaupapasa uzi wa vinasaba gizani,
unaikuta herufi iliyobandikwa doa,
unaipindua nje, na lile doa
unalivuta ulitie kifuani mwako mwenyewe,
kwenye sistini ya mia moja arobaini na tano.
Basi. Umekwisha. Halitoki tena.
Molekuli moja, doa moja, kifo kimoja.
Hata nyuki ana nafuu: yeye angalau alikasirika.

Miaka kumi na mmoja nilikusifu.
Wanafunzi wakija wapya niliwaambia, mtazameni huyu,
mkarimu kuliko ninyi nyote.
Mpaka Heldur akasahau jina la kijiko.
Tulikuwa mezani, supu ya njegere inapoa.
"Nipe kile," akasema, "kidogo, kinachoingia mdomoni."
Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Uvimbe, wakasema, kiasi cha plamu, upande wa kushoto.
Vidonge vyake huua kwa doa hilohilo:
huzibandika seli za uvimbe
mpaka zisijue pa kushika.
Na karatasi ya vipimo, yenye muhuri na sahihi mbili,
ikasema uvimbe wa mume wangu
umejaa wewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Nyumba ya nani, hilo huulizi.
Unaingia kwa jambazi na nyundo yako,
unaziba, unakufa,
ndugu yako anaingia, anaziba, anakufa,
na asubuhi jambazi anaamka mzima.

Ningekuchukia, lakini hata chuki inanishinda.
Saa hii hii uko ndani yangu pia,
kwenye ini, kwenye ngozi ya vidole hivi vilivyopauka,
unakufa kwa ajili yangu
na sijawahi kukuomba.

Kwa hiyo nakugawa, mikrolita hamsini hamsini,
kwa ajili ya wale vijana wa chumba namba sita
wanaotafuta kitu cha kukuzuia,
doa la uongo, ulimeze mapema
ufe kabla hujafika kazini.
Labda miaka saba, wanasema. Labda kumi.
Heldur ana miezi.

Naandika lebo kwa mkono, printa imeharibika tena.
Jina lako. Tarehe.
*Kwa utafiti tu. Si kwa matumizi ya binadamu.*
Wino umeganda. Naipulizia kalamu pumzi,
naanza upya kwenye herufi ya kwanza.