Wiki Tatu Jikoni

Danguolė alipolazwa hospitali ya Kaunas kubadilishwa nyonga,
aliniachia sufuria ya supu ya bitiruti, paka, na maikrowevu.
Paka nilimjua.

Miaka thelathini na minne nimetengeneza mabasi ya umeme,
yale yenye pembe mbili zinazokwaruza nyaya angani.
Nimeshika volti zenye hasira kuliko mama mkwe.
Lakini kisanduku kile cheupe juu ya kabati
kilikuwa himaya yake. Mimi nilikula kilichotoka.

Siku ya kwanza nikapakua supu
kwenye sahani ya harusi, yenye ukingo wa dhahabu,
maana ndiyo iliyokuwa karibu.
Nikafunga mlango, nikabonyeza dakika mbili.
Ta-ta-ta-ta! Cheche za buluu zikauzunguka ukingo
kama pembe ya basi inapobanduka usiku wa theluji.
Nikachomoa waya ukutani.
Fundi mzima, natetemeka na soksi miguuni.

Dhahabu ilikatika mahali pamoja,
doa jeusi, umbo la ukucha.
Sahani nikaificha nyuma ya gunia la viazi.

Jioni akapiga simu toka kitandani.
"Unakula?"
"Nakula."
"Kwa sahani gani?"
"Ya udongo," nikasema, nikameza mate.
Akaendelea taratibu, kama anayemsomea mtoto:
Chuma hapana. Foili hapana. Dhahabu, unanisikia? hapana.
Kopo la mtindi litalegea, ule plastiki.
Funika, ila acha upenyo; mvuke ukifungiwa hauna adabu.
Koroga katikati ya safari, la sivyo pembeni kutaungua
na kitovu cha supu kitabaki barafu.
Na ikilia usikurupuke. Acha itulie.

Yai nililijaribu bila kumuuliza.
Sitaeleza. Dari ya kisanduku inaeleza.

Ndipo nikajifunza kuosha:
bakuli la maji, vipande vya limau,
kijiko cha mbao kimesimama ndani
(kijiko alikisisitiza yeye: maji huweza kuchemka kimyakimya,
yakakusubiri uyaguse, yakakurukia usoni),
dakika tatu, kisha subira ya tano, kisha kitambaa.
Yai likabanduka kama gaga la kidonda kilichopona.
Nikafuta na kingo za mlango, pale unapokutana na mwili wake,
nikaukagua kama nilivyokagua breki:
haujapinda, haujalegea, unafunga.

Wiki ya pili ikaanza kunguruma.
Bisibisi ilishafika mkononi.
Nikamkumbuka Rimgaudas wa karakana yetu, fundi kuniliko,
aliyeifungua ya dada yake baada ya kuichomoa,
akasahau kwamba mle ndani umeme hulala, hauondoki.
Mkono wake wa kushoto haujafunga ngumi tena.
Nikairudisha bisibisi kwenye droo.
Nikanyanyua sahani ya kioo inayozunguka:
kigurudumu kimekwamishwa na punje moja ya shayiri.
Punje moja! Nikakiosha sinki, ngurumo ikakoma.
Nikaisogeza pia mbali na ukuta, upana wa kiganja,
maana hata yeye anahema.

Amerudi juzi, na mikongojo miwili.
Akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole,
hakusema neno. Kwa Danguolė hiyo ni nishani.
Kisha akaketi kwenye kigoda amenye viazi.

Nikasikia gunia likiburutwa.
Halafu kimya, kirefu.
"Panda kiti," akasema. "Kabati la juu kabisa,
nyuma ya mitungi ya matango."

Nikapapasa. Nikatoa kitu bapa
kilichofungwa kwa gazeti la mwaka tisini na sita.
Ukingo wa dhahabu. Umekatika.
Doa jeusi, ukucha ule ule.

"Ulikuwa zamu ya usiku," akasema, akiendelea kumenya.

Leo tumekula kwa sahani hizo mbili.
Supu tuliipashia kwenye bakuli la udongo.